Nyimbo Tunazozipenda Bila Kuona Haya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanatokana na mazungumzo ambayo karibu kila mpenzi wa muziki amewahi kuwa nayo, ama na rafiki aliyemcheka, ama na nafsi yake usiku akiwa amevaa vipokea sauti masikioni. Majibu yameandikwa na shabiki, kwa hiyo msomaji asishangae akikuta humu wakili badala ya hakimu. Panapohusu utafiti au historia nimetaja majina na miaka, na panapohusu moyo nimesema ninavyoona.

Shabiki lialia ni nani hasa, na anatofautianaje na mtu anayependa muziki tu?

Mtu anayependa muziki huacha redio iimbe huku akiendelea na shughuli zake, na wimbo ukiisha hajali unaofuata ni upi. Shabiki lialia ni yule ambaye wimbo wake ukianza, shughuli yenyewe husimama. Anajua wimbo umetoka katika albamu ipi, nani alipiga gitaa, toleo la jukwaani limeachana wapi na la studio, na ni neno gani ambalo mwimbaji hulitamka kwa namna yake mwenyewe. Hakujifunza hayo ili ashinde mabishano. Aliyajua kama mtu anavyozijua ngazi za nyumba anayoishi, ambazo huzipanda hata gizani bila kuzihesabu.

Lugha yetu ina maneno kadhaa ya kumwita mtu wa namna hii, na hayana heshima sawa. Ukitaka kuizima hoja ya mwenzako, unamwambia "huo ni ushabiki tu," ukimaanisha kwamba akili yake ameiacha nyumbani. Lakini lipo pia neno mkereketwa, lenye asili moja na kukereketa, ile hali ya koo kuwasha hadi mwenye nalo hawezi kunyamaza. Mimi nalipenda zaidi hili la pili. Halimtuhumu mtu kwamba hafikiri. Linasema tu kwamba kuna jambo limemkaa kooni.

Kwa nini naona haya kukiri kwamba naupenda wimbo fulani?

Tazama haya hiyo inafika wakati gani. Mtu akiwa peke yake chumbani huimba pamoja na wimbo wake hadi ubeti wa mwisho, tena kwa sauti. Mlango ukifunguliwa, mkono hukimbilia kitufe cha kupunguza sauti. Wimbo haukubadilika hata kidogo baina ya sekunde ile na iliyotangulia. Kilichoongezeka chumbani ni jicho la mtu wa pili, na pamoja nalo hesabu ambayo sote tunaipiga haraka haraka: huyu atanihesabu kuwa mtu wa kundi gani?

Mwanasosholojia Pierre Bourdieu aliichunguza hesabu hiyo nchini Ufaransa kwa kuwahoji watu katika miaka ya 1960, na mwaka 1979 akachapisha matokeo yake. Aliwauliza, pamoja na mambo mengine, ni muziki gani wanaoupenda, na akakuta kwamba majibu yalifuata tabaka na elimu kwa ukaribu wa kushangaza. Dansi maarufu ya Johann Strauss mwana kuhusu Mto Danube ilipendwa zaidi na wafanyakazi na watu wa kipato kidogo, ilhali vipande vya kinanda vya Johann Sebastian Bach vilipendwa zaidi na walimu wa vyuo vikuu na watu wa sanaa. Hoja yake ilikuwa kwamba tunapotaja tunachokipenda huwa tunataja pia mahali tunapotaka kuonekana tumekaa, na tunapokicheka cha mwenzetu huwa tunamwonyesha mahali pake pa kukaa. (Dansi hiyohiyo, kwa taarifa, hupigwa na okestra ya Vienna Philharmonic katika tamasha lake la kila tarehe 1 Januari, mbele ya watu waliovalia mavazi ya heshima kabisa, na hakuna anayejificha.)

Mambo yamesogea kidogo tangu hapo. Mwaka 1996 Richard Peterson na Roger Kern walionyesha kwamba nchini Marekani watu wa tabaka la juu walikuwa wameanza kujivunia kusikiliza kila aina ya muziki badala ya kujifungia katika aina moja ya kifahari. Habari hiyo ni njema, ingawa ina mtego wake, kwa kuwa siku hizi yupo mtu anayejitapa kwamba anasikiliza kila kitu, kisha anatabasamu kwa kejeli anapotaja wimbo wa watoto wa shule. Tabasamu lile ni ileile haya, imebadilisha nguo tu. Mtu asemaye "naupenda, lakini najua ni wa kijinga" ameomba radhi kabla ya kuulizwa, na ukimtazama vizuri utaona kwamba amemwomba radhi mtu ambaye hata hakuwa anamsikiliza.

Je, ina maana hakuna nyimbo mbaya?

Zipo, na pengine mojawapo ni ya kwangu. Wahenga walisema akipenda, chongo huita kengeza, na shabiki asijidanganye kwamba methali hiyo haimhusu. Lakini kuna kauli mbili ambazo watu huzichanganya bila sababu. "Naupenda wimbo huu" ni taarifa kuhusu mimi, haihitaji shahidi wala ushahidi. "Wimbo huu ni bora kuliko wako" ni dai kuhusu wimbo, nalo linahitaji hoja: utunzi wake, mpangilio wa ala, sauti, mashairi. Ugomvi mwingi baina ya mashabiki huanza pale mtu anapotaka kuitetea kauli ya kwanza kwa silaha za kauli ya pili, akajikuta anadai kwamba wimbo wa dakika tatu uliotungwa ili watu wacheze ni kilele cha ustaarabu wa binadamu. Hakuulizwa hilo. Angesema tu "naupenda" na mambo yangeishia hapo.

Ni kawaida kusikiliza wimbo mmoja mara ishirini mfululizo?

Ni kawaida, ingawa kwa muda mrefu wa historia ya binadamu haikuwezekana. Kabla ya Thomas Edison kuunda mashine yake ya kunasa sauti mwaka 1877, aliyetaka kusikia wimbo tena ilimlazimu amwombe mwimbaji aurudie, na mwimbaji huchoka. Santuri iliondoa aibu ya kuomba. Kanda ya kaseti, iliyoletwa na kampuni ya Philips mwaka 1963, ilimpa msikilizaji uwezo wa kurudisha nyuma mahali anapopataka, na mashine ndogo ya Sony ya kuchezea kaseti iliyoitwa Walkman, mwaka 1979, ikamwezesha kufanya hivyo akiwa njiani bila mtu mwingine kujua. Wanaokumbuka kaseti wanakumbuka pia kazi yake: unabonyeza, unasikia mluzi wa utepe ukikimbia, unakisia, unaachia, unakuta umepitiliza hadi katikati ya wimbo uliotangulia, unaanza upya. Baada ya miezi kadhaa kidole kilikuwa kimejifunza urefu wa wimbo kuliko saa.

Kuhusu sababu, mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba kukutana na kitu mara kwa mara kunatosha kutufanya tukipende zaidi, hata kama kitu chenyewe ni neno lisilo na maana au herufi za lugha tusiyoijua. Katika muziki jambo hili lina nguvu ya pekee. Mtafiti Elizabeth Margulis alichukua vipande vya watunzi wa karne ya 20, Luciano Berio na Elliott Carter, ambao muziki wao hukwepa marudio kwa makusudi, akakata sehemu na kuzibandika ili zirudie. Hakuna ustadi wowote aliouongeza. Ilikuwa kazi ya kukata na kubandika tu. Hata hivyo wasikilizaji walisema matoleo yaliyorudia yanafurahisha zaidi, na wakayadhania zaidi kuwa kazi ya mikono ya binadamu. Kwa hiyo anayerudia wimbo wake mara ishirini anaufanyia kutoka nje jambo ambalo kiitikio kinamfanyia kutoka ndani.

Kwa nini mwili wangu husisimka kwenye sehemu fulani ya wimbo?

Ninao wimbo mmoja ambao sitautaja jina, kwa sababu jina lingekufanya uupime badala ya kunisikiliza. Baada ya ubeti wa tatu ala zote hunyamaza, mlio wa ngoma ya mwisho unafifia, na kabla ya kiitikio kurudi mwimbaji anavuta pumzi. Pumzi hiyo inasikika: ni kavu, fupi kuliko inavyohitajika, kama ya mtu aliyekuwa karibu kusema jambo jingine akaghairi. Fundi wa studio angeweza kuikata na hakuna ambaye angelalamika. Hakuikata. Nimeusikiliza wimbo huo kwa miaka mingi, na nywele za mikono yangu husimama kwenye ile pumzi, si kwenye kiitikio chenyewe.

Nilidhani ni upuuzi wangu mpaka niliposoma kazi ya watafiti wa Montreal, Valorie Salimpoor na Robert Zatorre pamoja na wenzao, waliyoichapisha mwaka 2011. Waliwaomba watu walete muziki unaowasisimua, kisha wakapima ubongo wao wakati wanausikiliza. Waligundua kwamba dopamini, ile kemikali inayohusika pia na raha ya kula, hutolewa mara mbili na katika sehemu mbili tofauti za ubongo: mara moja wakati kilele kinapofika, na mara moja kabla yake, wakati msikilizaji anakingoja. Anayeujua wimbo, basi, ana raha ambayo mgeni hana, kwa kuwa mgeni hajui cha kungoja. Hii ndiyo faida ya kukariri ambayo wanaotucheka hawaihesabu.

Utafiti mwingine wa Zatorre, aliouchapisha na Anne Blood mwaka 2001, una jambo dogo la kiufundi ambalo mimi naliona kubwa. Kila mshiriki aliletewa wimbo wake wa kumsisimua na, kwa ajili ya kulinganisha, wimbo ambao haukutazamiwa kumfanya lolote. Wimbo huo wa pili ulitoka wapi? Ulikuwa wimbo pendwa wa mshiriki mwingine. Muziki uleule uliomsimamisha huyu nywele ulitumika kama muziki wa kawaida tu kwa yule, na vipimo vikakubali. Kama kuna karatasi moja ninayotamani kumpa kila anayebishana kuhusu wimbo upi "unagusa," ni hiyo.

Mimi sisisimki hata kidogo. Je, nina kasoro?

Hapana. Mwaka 2014 watafiti wa Barcelona walieleza kuhusu watu wazima wenye afya ambao muziki hauwapi raha yoyote, ingawa wanausikia vizuri, wanatambua kama ni wa huzuni au wa furaha, na hufurahia mambo mengine, kama vile kushinda fedha, sawasawa na wengine. Ukiwa na rafiki wa namna hiyo, usimlazimishe kusikiliza orodha yako ya nyimbo. Hakudharau. Haisikii njaa hiyo tu.

Kwa nini nyimbo za ujana wangu hazitoki moyoni, hata zile ambazo sikuzichagua?

Wachunguzi wa kumbukumbu wanajua kwamba watu wazima hukumbuka kwa wingi zaidi mambo ya kati ya miaka 10 na 30 ya umri wao, na muziki ni miongoni mwa vitu vinavyonaswa humo kwa nguvu. Ni miaka ya mambo ya mara ya kwanza, na kila jambo la mara ya kwanza hutafuta wimbo wa kulisindikiza.

Hata hivyo kuna zaidi ya hapo. Mwaka 2013 Carol Krumhansl na Justin Zupnick waliwasikilizisha vijana wa umri wa miaka 20 hivi nyimbo zilizovuma katika miongo mitano na nusu, wakakuta kwamba vijana hao walikuwa na uhusiano wa karibu si na nyimbo za wakati wao tu, bali pia na zile za wakati wazazi wao walipokuwa vijana, na hata za miaka ya 1960. Walikuwa wamerithi. Mzazi aliyekuwa akiimba huku anafagia hakuwa na nia ya kufundisha, na mtoto aliyekuwa akicheza sakafuni hakuwa na nia ya kujifunza, lakini wimbo ulihama. Kwa hiyo mtu akicheka kwamba unapenda "nyimbo za wazee," mwambie hukuzichagua, ulizikuta nyumbani.

Ushabiki wa kupiga mayowe na kuzimia si jambo la vijana wa siku hizi?

Ni la zamani kuliko umeme majumbani. Mpiga piano Franz Liszt aliwasili Berlin mwishoni mwa mwaka 1841, na katika majuma kumi ya maonyesho yake mji ulipagawa. Inasimuliwa kwamba wanawake walinyang'anyana leso na glavu zake, na nyuzi za piano alizozikata akipiga ziligeuzwa bangili. Mshairi Heinrich Heine, akiandika kutoka Paris mwaka 1844, aliiita hali hiyo kwa neno alilolibuni yeye mwenyewe, ambalo maana yake ni wazimu wa Liszt, na hali yenyewe ilizungumziwa kana kwamba kweli palikuwa na ugonjwa wa kutibu.

Miaka mia moja na ishirini baadaye ikaja zamu ya The Beatles. Tarehe 9 Februari 1964 watu wapatao milioni 73 waliwatazama katika televisheni ya Marekani, na tarehe 15 Agosti 1965 walipiga mbele ya watu zaidi ya 55,000 katika uwanja wa Shea jijini New York. Mayowe ya siku ile yaliufunika muziki kabisa, kwani sauti ilipitishwa kwenye vipaza sauti vya uwanja vilivyowekwa kwa ajili ya kutangazia mechi. Wanamuziki wenyewe hawakujisikia. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 29 Agosti 1966, walipiga tamasha lao la mwisho la kulipiwa kiingilio jijini San Francisco, kisha wakajifungia studioni.

Magazeti ya wakati ule yaliwaandika wasichana waliopiga mayowe yale kama kundi lisilo na akili. Mimi nadhani inafaa tuitazame upya hesabu hiyo. Wasichana wa miaka kumi na minne walisema mwaka 1964 kwamba kundi lile lilikuwa jambo kubwa. Wahakiki wengi waliwacheka. Maprofesa wanaofundisha nyimbo zilezile leo wanakubaliana na wasichana. Mara nyingi kinachodharauliwa katika ushabiki ni umri na jinsia ya mshabikiaji zaidi kuliko masikio yake. Mwanamume mzima anayelia timu yake ikifungwa huitwa mwenye mapenzi ya dhati, na binti anayelia kwenye tamasha huambiwa ajikaze.

Zaidi ya kusikiliza na kununua, shabiki anaweza kufanya jambo gani la maana?

Anaweza hata kumfufua mtu. Mwimbaji Sixto Rodriguez wa Detroit, Marekani, alitoa albamu mbili, mwaka 1970 na 1971, ambazo karibu hakuna aliyezinunua nchini kwake. Akaachana na muziki kama kazi, akawa kibarua wa kubomoa na kukarabati majengo. Bila yeye kujua, santuri zake zilifika Afrika Kusini na kuenea miongoni mwa vijana waliochoshwa na utawala wa ubaguzi wa rangi, nao wakaamini uvumi kwamba mwimbaji wao alikuwa amejiua jukwaani.

Katika miaka ya 1990 mashabiki wawili, Stephen Segerman wa Cape Town, aliyekuja kuwa muuza santuri, na mwandishi Craig Bartholomew Strydom, waliamua kutafuta ukweli wa kifo hicho. Hawakuwa na anwani wala picha ya maana. Walikuwa na mashairi ya nyimbo tu, na waliyachunguza neno kwa neno kama mpelelezi anavyochunguza barua. Jina la mji mmoja, Dearborn, lililotajwa katika wimbo, ndilo lililowaelekeza jimbo la Michigan, uliko pia mji wa Detroit, na kutoka hapo wakampata mtayarishaji wa albamu ya kwanza. Walimuuliza mtayarishaji huyo Rodriguez alikufaje. Wakajibiwa kwamba yu hai. Hiyo ilikuwa mwaka 1997, na mwaka uliofuata mtu aliyekuwa akibeba vifusi alisimama mbele ya maelfu ya watu wa Afrika Kusini waliokuwa wakiimba kila neno lake. Aliishi hadi mwaka 2023.

Ninaitaja habari hii kila ninapoambiwa kwamba kukariri mashairi ni kupoteza muda. Aliyesikiliza nusu nusu asingelisikia jina la mji ule.

Ipo mifano mingine yenye unyenyekevu zaidi. Kundi la Grateful Dead lilitenga mwaka 1984 sehemu maalumu ukumbini kwa mashabiki waliotaka kurekodi, na kanda walizobadilishana bila kuuziana zimehifadhi maonyesho ambayo vinginevyo yangepotea. Mwaka 1997 mashabiki wa kundi la Marillion la Uingereza walichangishana kupitia intaneti takriban dola 60,000 ili kundi lao limudu ziara ya Marekani, miaka mingi kabla ya uchangishaji wa namna hiyo kuwa jambo la kawaida.

Nahisi kama namfahamu msanii ninayempenda. Je, ninajidanganya?

Kwa sehemu. Donald Horton na Richard Wohl waliieleza hali hii mwaka 1956, wakiwatazama wasikilizaji wa redio na watazamaji wa televisheni: mtu anamjua mtangazaji kama rafiki, lakini urafiki wenyewe una upande mmoja. Sauti iliyorekodiwa kwa kuusogelea sana kinasa sauti hutufikia kwa ukaribu ambao katika maisha ya kawaida tunawaruhusu watu wachache mno, kwa hiyo si ajabu moyo ukakosea. Hakuna ubaya katika hisia hiyo muda wote unapokumbuka kwamba unaijua kazi yake, si maisha yake. Dalili ya kuvuka mpaka ni rahisi kuitambua: unapoanza kuona kwamba msanii ana deni kwako, kwamba hana haki ya kuoa, kupumzika, kubadilisha mtindo au kunyamaza bila idhini yako, hapo umeacha kuwa shabiki umekuwa mdai.

Nifanye nini msanii wangu akifanya jambo baya?

Usimtetee kwa sababu tu sauti yake ni nzuri. Aliyeumizwa hakuumizwa na sauti. Kama utaendelea kusikiliza nyimbo zake au hutaendelea, hilo utaliamua wewe, na watu wema wameamua kwa njia zote mbili. Binafsi ninazo nyimbo nilizoziacha, si kwa kuapa, bali kwa kuwa kila nikizisikia nasikia pia habari. Kumbukumbu ya siku nzuri nilipozisikia kwa mara ya kwanza sijaifuta, maana siku ile ilikuwa yangu.

Nikichekwa, nijibu nini?

Jibu fupi ndilo bora: "Ndiyo, naupenda sana." Anayecheka hutegemea ukane au ugombane, na jibu hilo halimpi lolote kati ya hayo. Akiwa na nia njema atauliza kwa nini, na hapo una nafasi ya kumwonyesha mahali pamoja tu. Usimwekee albamu nzima. Mwekee sekunde kumi, mwambie asikilize gitaa la besi linavyopishana na ngoma, au neno moja linavyovutwa, kisha nyamaza. Kosa letu kubwa sisi wakereketwa ni kuzungumza juu ya wimbo wakati wimbo unaendelea.

Nasikiliza kwa sauti kubwa sana. Kuna hatari?

Ipo, na haipunguzwi na mapenzi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema mtu mzima anaweza kusikiliza kwa kiwango cha desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo hukatwa nusu, hivi kwamba kwenye desibeli 90 hubaki saa 4 kwa wiki. Tamasha linaweza kufika 100, na huko hubaki dakika 20 hivi. Vaa vizibo vya masikio ukumbini, ondoka mbele ya spika, na ukitoka masikio yakiwa yanavuma yape siku kadhaa za kimya. Seli za ndani ya sikio zikifa hazioti tena.

Kipande cha wimbo kimeganda kichwani na hakitoki. Nifanyeje?

Usikize wimbo wote hadi mwisho, kwa kuwa mara nyingi kinachozunguka ni kipande ambacho ubongo haukukimalizia. Au tafuna ubani: watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, mwaka 2015, walikuta kwamba waliotafuna hawakusumbuliwa sana kama wasiotafuna na wimbo waliotoka kuusikia, inaelekea kwa sababu taya lenye kazi haliwezi kuimba kimyakimya.

Nimeuchoka wimbo nilioupenda kuliko zote. Je, nimeusaliti?

Hujausaliti. Daniel Berlyne alieleza katika miaka ya 1970 kwamba raha ya kitu hupanda kadiri tunavyokizoea, hufika kileleni, kisha hushuka. Ngoma ikilia sana hupasuka, na wimbo unaopigwa asubuhi, mchana na jioni hauna namna ya kuikwepa sheria hiyo. Nyimbo sahili huchosha mapema na zenye tabaka nyingi huchelewa kuchosha, lakini zote hufika huko. Dawa yake ni kuuweka kando bila kuusema vibaya.

Ule wimbo wangu wa pumzi niliuweka kando kwa karibu mwaka mzima, kwa sababu siku moja niliusikiliza hadi mwisho nikatambua kwamba nilikuwa nafikiria mambo mengine. Sikuufuta, sikuutafuta. Kisha jioni moja ulitokea kwenye dirisha la mtu nisiyemjua, nikiwa napita, tayari ukiwa umefika mwisho wa ubeti wa tatu. Ala zikanyamaza. Nilisimama njiani, na nikajikuta nimevuta pumzi kabla ya mwimbaji.